Jeep ya zamani ao jeep mpya? Mchimbaji, uliza fundi mbele ya kuuliza rafiki

Bandugu wachimbaji, na ninyi bamama munaobaki nyumbani na batoto wakati bwana iko ku kariere, leo sitasema juu ya bei ya koltani. Nitasema juu ya kitu kinachokula feza ya koltani mbio kuliko pombe. Kitu hicho ni jeep.

Kila mtu anaijua ile siku. Shimo limetoa, negosia amelipa, kijana anashuka Goma na feza mfukoni. Mbele ya kufika nyumbani, amekwisha kupita fasi banauzishia magari. Hapo anakuta Prado nyeupe, viti vya ngozi, redio yenye kioo kikubwa kama televizyo. Marafiki watatu wanazunguka gari, wanagonga tairi na mguu, wanasema: "Mukubwa, hii njo jeep ya PDG!" Jioni jeep iko mbele ya nyumba. Bibi anatoka na kitambaa cha jikoni mkononi, anaiangalia, hasemi kitu.

Mimi siwezi kumcheka yule kijana. Vita ilipoingia mujini mwezi wa Januari 2025, benki za Goma zilifunga mlango, na batu wengi wakakosa fasi ya kuweka feza. Feza chini ya godoro inaibiwa, na wakati mwingine inaibiwa pamoja na maisha ya mwenyewe. Gari angalau mwizi hawezi kuiweka mfukoni. Lakini kama gari ndiyo benki yako, basi chagua ile ambayo haitakula feza uliyoiwekea.

Nimeshika volani miaka kumi na minane katika barabara ya Goma, Sake na Masisi. Nimeendesha Land Cruiser na Prado za karibu kila kizazi: za ONG, za makampuni, za batu binafsi. Maoni yangu ni haya, na najua vijana watanikatalia: kwa mchimbaji wa Rubaya ao wa Numbi, Land Cruiser ya zamani yenye mashini ya 1HZ ina faida kuliko Prado mpya, hata kama ile mpya ni tamu kuendesha.

Tuhesabu kwanza vizazi, sababu wengi wanasema tu "TX" ao "V8" bila kujua wananunua nini. Land Cruiser ya 70, ile ya mabega ya pembe pembe ambayo tunaizoea kama ambulansi na gari ya ONG, ilitoka mwaka 1984, na Toyota ingali inaitengeneza mpaka leo. Kisha ilikuja ya 80, kuanzia 1990 mpaka 1997, kisha ya 100 kuanzia 1998 mpaka 2007, kisha ya 200 ambayo wakubwa wanaipenda, kuanzia 2007 mpaka 2021. Kwa upande wa Prado, kuna ya 90 (1996 mpaka 2002), ya 120 (2002 mpaka 2009) na ya 150 (2009 mpaka 2023). Hizo zote si gari moja iliyobadilishwa rangi. Mashini ni tofauti, na mashini ndiyo inaamua kama utalala njiani.

Sasa tuseme ukweli juu ya kuendesha. Ukiniweka leo ndani ya Prado 150, nipande nayo mulima wa Mushaki, nitafurahi kama mtoto. Turbo inavuta, gari inakamata barabara, mama aliye nyuma na mtoto hatapiki. Land Cruiser ya 70 yenye 1HZ ni kitu kingine. Mashini ile ni ya litre 4.2, silenda sita, haina turbo. Goma yenyewe iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita 2000. Kule juu hewa ni nyepesi, na mashini bila turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1000. Kwa hiyo farasi 130 alizokupa fundi wa Japani, ukifika mulimani zimebaki kama 100 na kitu. Utapanda kwa vitesi ya pili, ukisikiliza mashini inalia, na motari mwenye bafungu ya makala nyuma yake atakupita na atakupungia mkono.

Tena ile ya zamani inarusha, viti vya nyuma vinavunja mugongo, na nyingi hazina mifuko ya hewa ya kulinda batu wakati wa aksida. Hilo si jambo dogo kwa mwenye familia. Nalisema wazi ili mtu asiseme kwamba mzee anapenda vya kale tu.

Basi juu ya nini nachagua ile nzee? Jibu liko katika bidon.

Sisi sote tunanunua mafuta kwa Kadhafi, pale pembeni ya barabara, katika bidon la njano. Wakati mwingine hakuna njia ingine. Mazutu ile imepita mikono mingi: imemiminwa, imelala, imeonja maji ya mvua na vumbi ya mawe ya volkano. Mashini ya 1HZ ina pompe ya zamani inayosukuma mazutu bila komputa. Ukiipa mazutu chafu, itakohoa, itatoa moshi, utasimama, utatoa maji ku filtre, utaendelea na safari. Fundi wa Ndosho anaifungua na funguo za kawaida, na kijana anayejifunza naye anaona na kuelewa.

Mashini ya Prado ya 120 na ya 150, ile batu wanaita D-4D, inafanya kazi kwa namna ingine. Mazutu inafungiwa katika mufereji mmoja kwa nguvu inayopita mara elfu moja ya nguvu ya hewa tunayovuta, kisha injekteri zinaipuliza kwa tundu ndogo sana. Ni kazi nzuri sana: inapunguza moshi, inapunguza matumizi, inaleta nguvu. Lakini tundu ndogo namna ile haisamehe tone la maji wala punje ya muchanga. Injekteri ikiharibika, haitengenezwe na nyundo. Inahitaji banki ya kupimia na komputa ya kusoma. Ukikosa hivyo, utabadilisha injekteri ya okazyo na injekteri ingine ya okazyo, mpaka feza iishe.

Nilijua kijana mmoja, sitamtaja, aliyenunua Prado ya namna hiyo kwa feza ya miezi minane ya shimo. Mwezi wa tatu ilianza kugonga asubuhi. Mwezi wa tano ilisimama mbele ya nyumba ya mama yake. Nilipopita mwaka uliofuata, kuku walikuwa wanataga chini yake. Batoto wake wawili walikuwa wamerudishwa kutoka masomo kwa sababu ya minervali. Alirudi shimoni kutafuta feza ya injekteri. Fikiri maneno hayo: mtu aliingia chini ya ardhi, fasi udongo unaanguka wakati wa mvua, ili kulisha gari isiyotembea.

Tufanye hesabu. Hizi si bei za soko, ni mfano wa kupimia tu. Tuseme mtu wa kwanza anatoa dola 20 000 kwa Prado 150. Kwa miaka mitatu anatumia 3 500 kwa injekteri, pompe na kazi ya fundi. Mwishoni anaiuzisha 12 000, sababu kila mnunuzi anaogopa ile mashini. Amepoteza 11 500. Mtu wa pili anatoa 14 000 kwa Land Cruiser nzee ya 1HZ. Anatumia 1 500 kwa matengenezo. Tuongeze 2 000 ya mazutu zaidi, sababu kweli ile mashini inakunywa. Mwishoni anaiuzisha 11 000. Amepoteza 6 500. Tofauti ni dola 5 000. Badilisha namba zangu na zako mwenyewe, namna ulivyosikia bei ku garaji, lakini andika mistari yote minne: bei ya kununua, matengenezo, mazutu, na bei ya kuuzisha. Batu wengi wanaandika ule wa kwanza tu.

Tena ile nzee inaweza kutafuta. Inabeba viazi, maharagi na jibini ya Masisi mpaka soko la Virunga, inarudi na chumvi, sabuni na mabati. Kazi kama hiyo, Prado yenye viti vya ngozi haifanyi, ao inaifanya mara moja na kuharibika. Chukudu yetu haina hata mashini, lakini ilijenga nyumba nyingi katika muji huu, mpaka tukaisimamishia sanamu ku rond-point. Hakuna mtu aliyeiheshimu kwa uzuri wake. Tuliiheshimu juu ya mzigo.

Lakini musinielewe vibaya: si kila nzee ni nzuri. Prado ya 90 yenye mashini ya 1KZ, ile ya litre 3.0, ni mtego kwa batu wa milima. Ikipata joto kali, kilase chake kinapasuka, na milima yetu inaleta joto kali. Land Cruiser ya 80 yenye turbo ya 1HD-T ni tamu sana, inapanda Mushaki bila kulia, lakini uliza kama kusine za biele zilikwisha kubadilishwa, sababu ndiyo ugonjwa wake unaojulikana. Hata 1HZ ina mukanda wa distribisio. Ukikatika, mashini inajipiga yenyewe. Ubadilishe usipite kilometa 100 000, na kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, uubadilishe mbele ya safari ya kwanza.

Ukienda kununua, fanya hivi. Fika asubuhi, mashini ikiwa baridi. Muuzaji akikuambia amekwisha kuiwasha "ili ipate joto", mwambie utarudi kesho. Fungua fasi ya kutilia mafuta ya mashini: ukiona povu jeupe kama maziwa, maji yameingia, toka. Washa, angalia moshi. Moshi mweupe usiokwisha, ao maji ya radiatere yanayotoa mapovu, ni kilase. Soma namba ya shasi, uilinganishe na karti roze, namba kwa namba. Lala chini uangalie kutu. Kisha panda nayo mulima, siyo kuzunguka mujini tu.

Angalia na upande wa volani. Magari yanayopita Mombasa na Dar es Salaam, mengi yana volani ya kuume, sababu kule wanatembea upande wa kushoto. Sisi tunatembea kuume. Ukiwa nyuma ya lori katika kona, hauone kinachokuja mpaka umekwisha kutoka. Bei yake iko chini, na kuna sababu.

Neno la mwisho kuhusu fundi: beba wako mwenyewe, umulipe siku yake. Usimchukue fundi aliyeletwa na muuzaji, na usimchukue rafiki anayejua magari kwa kuangalia video. Dola kumi na tano za fundi ndizo dola za bei rahisi utakazotoa siku hiyo.

Najua jibu la vijana: "Papa, niliteseka shimoni, uniache nifurahi." Nalielewa. Mtu anayetambaa chini ya ardhi mwaka muzima ana haki ya kukaa juu ya kiti laini. Lakini ukitafuta furaha ya siku moja, kodisha ile Prado kwa ndoa ya dada yako, upige picha, uirudishe jioni. Feza ya miezi minane ni kitu kingine. Kwanza parceli yenye karatasi, kwanza minervali ya mwaka muzima, kisha jeep, na ikiwa jeep, basi ile inayoweza kutafuta.

Na ile jioni, mbele ya kutoa feza, rudi nyumbani mikono mitupu. Kaa na bibi yako, andikeni ile mistari minne kwa kalamu katika kayé ya mtoto. Yeye ndiye atakayebaki na gari siku utakayorudi ku kariere. Ni vizuri aseme neno wakati feza ingali mezani.