Mkasi wa Mwalimu na Jina la Mwenye Picha

Katika maduka ya steshenari ya Rahaleo, hapa Mtwara, ambako tangu asubuhi mashine za fotokopi hunguruma kwa kazi za walimu na wanachuo, aghalabu huonekana jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitazami tena: mwalimu huleta ukurasa wenye picha, labda ya kinyago cha Kimakonde, na kabla ya kutoa kopi huukata kwa mkasi ukingo wa chini, palipoandikwa kwa herufi ndogo jina la aliyeipiga, ili picha ikae vizuri katikati ya karatasi ya mtihani. Kwa rai yangu, kosa limo katika mkasi ule, wala si katika mashine.

Nasema hivyo kwa kuwa wako wanaowatia walimu hofu iliyo kubwa kuliko sheria yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao ya mwaka 2003), inaruhusu katika kifungu cha 12 kwamba kazi iliyokwisha kutolewa hadharani itumiwe kufafanulia somo bila ya idhini wala malipo, mradi kipimo kisizidi haja ya somo, matumizi yawe ya insafu, na chanzo kitajwe pamoja na jina la mwenye kazi. Wala ruhusa hiyo si hisani ya Bunge letu peke yake, kwani imo pia katika Mkataba wa Berne, ulioasisiwa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994. Naye mwanafunzi anayejitolea kopi ya picha akaisome nyumbani ana ruhusa yake, ingawa haifiki kitabu kizima.

Ila ruhusa ya somo haivuki mipaka ya somo. Picha ile ile ikihamishiwa kwenye kalenda ya shule inayouzwa kwa wazazi, au kwenye bango la kuwaita wanafunzi wapya, au ndani ya pamfleti zinazobanwa pini na kuuzwa hapo hapo dukani, imekwisha kuwa bidhaa, na mwenyewe hana budi kuombwa.

Sisi watu wa kusini tuna sababu yetu ya kulipima jambo hili kwa hadhari, maana picha ya kinyago ina wenyewe wawili, mchongaji na mpiga picha, na vitabu vingi humtaja wa pili vikamwacha wa kwanza kana kwamba mpingo ulijichonga wenyewe. George Lilanga, Mmakonde aliyechonga na kuchora, alifariki mwaka 2005. Na kwa kuwa haki hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake msanii, kazi zake zimo katika milki ya warithi wake hadi mwisho wa 2055. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyepaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, aliuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, hivyo michoro ya mkono wake mwenyewe imekuwa huru nchini tangu kuingia kwa 2023. Lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na picha nyingi ziitwazo tingatinga ni za wasanii walio hai, wanaolisha watoto wao kwa brashi. Mwalimu asiyetofautisha atadhani ameokota asichookota.

Kuandika «Google» chini ya picha si kutaja chanzo, kwa sababu Google haikuichora wala haikuipiga. Na afunguaye ukurasa wenyewe, badala ya kuridhika na kijipicha cha matokeo, mara nyingi hulikuta jina hapo hapo. Lisipopatikana, pana njia nyepesi ambayo nashangaa kuona haitumiwi: mwalimu wa Mtwara amwendee mchongaji, amwombe idhini, akipige kinyago kwa simu yake, kisha aandike chini ya picha majina mawili, la aliyechonga na la aliyepiga, na karatasi ipelekwe steshenari ikiwa na kingo zake zote nne.