Regeksi isiyoijua Ng'ombeni

Haya, leo tuongee regeksi, zile ruwaza za kutafutia maandishi. Mabano yakigoma kunasa kitu, wengi wetu huilaumu lugha ya programu, au huweka (.*) na kuendelea na safari. Mimi naona yote mawili ni uvivu. Mara nyingi tatizo ni picha ya "jina" tuliyoibeba kichwani.

Chukua orodha ya waombaji wa basari Kwale, kila mstari na eneo lake, kisha uipitishie hii:

^Eneo: (\w+)$

Ukunda inanaswa. Kinondo, Ramisi, Vanga, Tiwi, zote salama. Tsimba Golini inakwama kwenye nafasi, Pongwe/Kikoneni kwenye mkwaju, Ng'ombeni kwenye ritifaa. Hiyo \w kwa asili yake hukubali herufi za Kiingereza, tarakimu na mstari wa chini. Jamani, kijiji gani huko Msambweni kina mstari wa chini? Lakini ng', ambayo mtoto wa shule ya msingi anaijua, inaikataa!

Ukiondoa $ ndiyo unaharibu zaidi. Mabano yananasa "Ng" tu, programu inaona imefaulu, na mwombaji anaandikiwa kijiji kisichokuwepo. Ukiiacha, programu nyingi huuruka mstari kimya kimya. Mzazi ataambiwa jina la mwanawe halimo, na hakuna atakayejua kwa nini.

Ruwaza ikigoma, anza na ^Eneo: peke yake, kisha ongeza kipande kimoja kimoja mpaka ivunjike. Hapo ilipovunjika, tazama namba za Yunikodi za herufi zenyewe. Ritifaa ya kibodi ni U+0027. Ile iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe, ni U+2019. Kwa macho ni ndugu, kwa kompyuta hawajuani kabisa. Faili lililotoka Windows nalo huweza kuficha \r mwishoni mwa mstari.

Mimi ningeandika hivi:

^Eneo:\s*([A-Za-z'’ /-]+?)\s*$

Hata hii siiamini peke yake. Kila mstari usionaswa uandikwe kwenye faili lake, na mtu ausome kwa macho kabla orodha haijabandikwa ukutani. Kaunti ya Kwale ina wodi 20. Zikitoka pungufu, usimpelekee mtu orodha hiyo.