Macho ya Manjano Yapelekwe Hospitali

Mkoani Singida, kama kwingineko nchini, wako wanaoyaona macho ya manjano wakasema ni nyongo, wakachimba mizizi. Dawa za miti si za kubezwa: Muhimbili imezitafiti tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 ikazitambua. Bizari imekinga maini ya panya maabarani. Lakini nyongo iliyozibwa na jiwe huliunguza ini, na jiwe halitolewi kwa bizari. Tena, mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu 20 katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Dalili mojawapo ilikuwa manjano hayo hayo. Mzizi gani ungeyatambua mahindi? Walimu na watumishi wa vijijini, ambao huombwa ushauri mapema, wamhimize mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, na dawa ya mzee ipelekwe kupimwa.