Usikubali haraka kutolewa mshipa wa mguu

Muuza ndizi wa Rubwera husimama sokoni tangu asubuhi. Jioni miguu ni mizito, inawaka moto, na mishipa imejikunja chini ya ngozi. Jirani atasema karogwa.

Hajarogwa. Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, yaani vena, ina vali zinazozuia damu isiteremke. Vali zikilegea, damu hutuama na mshipa hutanuka. Kurithi, mimba, unene na kazi za kusimama huchangia. Ukipuuza, ngozi ya kifundo huweza kuwa nyeusi, kisha kikaja kidonda kisichopona.

Tiba iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kuutoa mshipa mrefu unaopanda kutoka kifundoni hadi kwenye kinena. Tiba hiyo imesaidia wengi. Lakini mshipa huohuo ndio madaktari huuchukua kutengeneza njia mpya ya damu pale mishipa ya moyo inapoziba, upasuaji unaofanyika hapa nchini katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ukishatolewa, haurudi.

Ipo njia ya kuubakiza. Mwaka 1988 daktari Mfaransa, Claude Franceschi, alieleza upasuaji unaoanza kwa kipimo cha ultrasaundi ya Dopla, mgonjwa akiwa amesimama, ili kuona damu inarudi chini kupitia wapi. Kisha, kwa ganzi, daktari hukata sehemu ndogo na kufunga pale tu. Mshipa unabaki ukipitisha damu, na kwa kawaida mgonjwa hutembea siku hiyohiyo.

Tusidanganyane: njia hii haimfai kila mtu, inahitaji daktari aliyeizoea, na ugonjwa unaweza kurudi kama ilivyo kwa njia nyingine. Mshipa ulioharibika sana huenda usifae tena kwa moyo.

Ndiyo maana tunasema, kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji, iwe Bukoba au Bugando, uliza: Je, nimepimwa kwa Dopla? Mishipa ya ndani haijaziba? Mshipa huu unaweza kubakizwa? Kuuliza si utovu wa adabu. Mguu ni wako.

Mzazi, binti yako akiwa mjamzito, kwa kawaida upasuaji husubiri, kwani mara nyingi mishipa hupungua baada ya kujifungua. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani.

Wakati unasubiri tiba, tembea, inua miguu unapopumzika, na vaa soksi za kubana kwa ushauri wa daktari. Mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi, kisha upelekwe hospitali. Usichanje wala kupaka majani kwenye kidonda.