Kabla mzee hajauza shamba ukawe rubani, soma hii

KAMA unaishi pande hizi za Kehancha, Isebania au Migori mjini, unajua ndege ndogo si kitu kigeni. Safarilink imekuwa ikitua kiwanja cha Migori kwa miaka, na wengi wa abiria wake si watu wa kwetu. Ni watalii wanaotoka Maasai Mara kuelekea Serengeti. Wanashuka hapo, wanaingia kwenye gari, wanapita Isebania, wanagongewa pasipoti Sirari, kisha wanapelekwa Tarime kupanda ndege nyingine. Sisi tunabaki na mlio.

Sasa kila matokeo ya KCSE yakitoka, hakosi kijana mmoja aliyefanya vizuri hesabu na fizikia ambaye anatamka neno moja nyumbani: urubani. Hapo mkutano wa familia unaitwa. Ng'ombe wanahesabiwa, pesa ya tumbaku inahesabiwa, na hati ya shamba inatolewa kabatini.

Leo nataka tufanye hesabu ambayo mkutano huo huwa haufanyi. Si ile ya "leseni ni pesa ngapi?" Hiyo kila mtu huuliza. Ni hii: ukishaipata leseni, nani atakuajiri, na lini?

Uhaba wa marubani ni uhaba wa nani?

Ukiingia mtandaoni utaambiwa dunia haina marubani wa kutosha. Mwaka wa 2024, Boeing ilikadiria kwamba katika miaka 20 ijayo dunia itahitaji marubani wapya 674,000. Namba hiyo hupendwa sana na wanaouza masomo ya urubani.

Lakini jiulize, kampuni inapolia haina marubani, inamlilia nani? Mara nyingi inamlilia kapteni. Inamtaka mtu mwenye maelfu ya masaa hewani, anayeijua ile ndege, anayeweza kukabidhiwa abiria 70 kesho asubuhi. Haikulilii wewe uliyemaliza shule juzi. Wewe bado ni gharama kwao.

Sheria yenyewe inakuonyesha umbali. Kwa kanuni za KCAA, leseni ya kibiashara, ile CPL, unaweza kuipata ukiwa na miaka 18 na masaa 200 hivi ya kuruka, au 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa ya mfululizo. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inataka uwe na miaka 21 na masaa 1,500. Hiyo ndiyo inayokufanya uweze kuwa kapteni wa ndege kama Dash 8.

Kati ya 200 na 1,500 kuna masaa 1,300. Hayo hayafundishwi darasani, na hakuna mzee wa Kuria mwenye ng'ombe wa kutosha kuyanunua. Unayapata ukiwa kazini. Na kazi nayo inakuomba masaa. Hapo ndipo watu husota.

Tuyapige kwa kalamu. Ukipata kazi leo, na uruke masaa 50 kwa mwezi, utahitaji miezi 26 kuyamaliza. Miaka miwili na kidogo, si mbaya. Usipopata kazi, hayo masaa 1,300 yanabaki 1,300.

Kwa nini kampuni ndogo ndiyo mlango

Mtaani kila mtu huota Kenya Airways, au Emirates na Qatar Airways kule Ghuba. Lakini rubani mpya wa Kenya, kwa kawaida, huanzia Wilson. Uwanja huo ulianza mwaka wa 1929 na kampuni ndogo ya Wilson Airways, ya mama mmoja aliyeitwa Florence Kerr Wilson. Karibu miaka mia baadaye bado ndio nyumba ya kampuni ndogo: Safarilink, AirKenya, Skyward Express na nyingine nyingi za kukodisha.

Ndege ya kuanzia mara nyingi ni Cessna Caravan, ile yenye injini moja na viti kama dazeni moja. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Caravan imeundwa kurushwa na rubani mmoja. Kiti cha pili kinapata mtu kwa sababu wateja wakubwa, kama Umoja wa Mataifa, wanataka marubani wawili, na kampuni nyingi za watalii hufanya hivyo pia. Maana yake, kazi yako ya kwanza inaweza kuwepo kwa sababu ya masharti ya mteja. Mteja akiondoka, kiti chako kinaondoka naye.

Ukishakaa kwenye Caravan, unapanda hadi Dash 8 au Fokker 50. Kutoka hapo unaangalia Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka Aprili 2014 na inayotumia Dash 8 Q400 za viti 78. Kisha KQ yenyewe, kisha nje ya nchi. Ni ngazi, na kila mtu anasubiri wa juu asonge. Ghuba ikiajiri makapteni wa KQ, KQ inachukua wa Jambojet, Jambojet inachukua wa Wilson, na Wilson inamkumbuka yule kijana aliyeacha barua yake ya maombi mwaka jana.

Wa juu akikwama, mmekwama wote. Tuliliona hilo 2020. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi kwa sababu ya korona. Safari za ndani zilirudi 15 Julai na za nje 1 Agosti. Mashirika makubwa duniani yakawafuta marubani wenye uzoefu. Sasa fikiria umemaliza shule mwezi huo ukiwa na masaa 200, halafu kwenye foleni moja na wewe kuna mtu mwenye masaa 4,000 ambaye yuko tayari kupunguza mshahara.

Ajira yako inaamuliwa mbali na Wilson

Hesabu pia ukubwa wa soko. Tuseme kampuni ina ndege kumi ndogo na kila moja inahitaji jozi tatu za marubani. Hao ni marubani 60. Hilo ndilo shirika zima, na wengi wao hawaendi popote mwaka huu. Nafasi mpya zinabaki chache, na zinafunguliwa au kufungwa na mambo ambayo huyaoni kwenye vitabu vya shule ya urubani.

La kwanza ni watalii. Nyumbu wakivuka Mara kati ya Julai na Oktoba, ndege zinajaa. Aprili na Mei, mvua ikinyesha, viti vinabaki wazi. Kampuni haiajiri kwa sababu wewe umemaliza, inaajiri kwa sababu msimu unakuja.

La pili ni miraa. Ndege nyingi za mizigo hubeba miraa kwenda Somalia. Somalia iliifungia miraa ya Kenya mwaka wa 2020 na kuifungulia tena Julai 2022. Tulizoea kusikia wakulima wa Meru wakilia. Lakini mzigo usiporuka, rubani naye haruki.

La tatu ni misaada. Muulize mtu mzima kuhusu Lokichoggio. Tangu 1989, chini ya mpango wa Operation Lifeline Sudan, kiwanja hicho cha Turkana kilikuwa na shughuli usiku na mchana. Amani ya Sudan iliposainiwa 2005, kazi ikahamia Juba na Loki ikanyamaza. Ni habari njema kwa Sudan, lakini viti vya marubani vilihama. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila kazi iliyotegemea pesa hiyo iliyumba, za ndege zikiwemo.

Tena kazi hizi zina hatari yake, tusifichane. Tarehe 4 Mei 2020, ndege ya African Express, kampuni ya Kenya, iliyokuwa imebeba vifaa vya kupambana na korona, ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, Somalia. Wote sita waliokuwemo walikufa. Mshahara wa kwenda maeneo kama hayo huwa na sababu.

Kampuni nayo hufa

Kuna kitu kingine ambacho mkutano wa familia haukifikirii: unaweza kuajiriwa, ukavaa sare yako, na kampuni ikaanguka.

Jetlink ilikuwa imechangamka, ikishindana na KQ kwenye njia za ndani na kuruka hadi Juba. Novemba 2012 ikasimamisha safari. Sababu kubwa ni pesa zake zilizokwama Sudan Kusini, ambako kubadilisha fedha za huko kuwa dola kulikuwa kumeshindikana. Abiria walikuwepo na ndege zilikuwepo. Pesa ndizo hazikuvuka mpaka.

Silverstone Air nayo ilikua haraka pale Wilson. Oktoba 2019 ndege yake moja ilitoka nje ya njia ya kurukia, na nyingine ikadondosha gurudumu baada ya kuondoka Lodwar. KCAA ikaingilia kati, na 2020 kampuni ikaacha kuruka.

Sikutishi kwamba kampuni zote ndogo zitaanguka. Safarilink iko tangu 2004. Ninachosema ni kwamba kabla ya kusaini mkataba, hasa ule wa bondi unaokufunga miaka kadhaa kwa sababu kampuni imekulipia mafunzo ya aina fulani ya ndege, uliza inapata wapi pesa zake. Kampuni yenye mteja mmoja ni kama kibanda kinachouzia shule moja. Shule ikifunga, unafunga.

Sasa wewe wa Kehancha ufanye nini?

Nahodha Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner, mwaka wa 2014, babake alikuwa rubani. Simpunguzii sifa, kazi aliifanya mwenyewe. Lakini aliyekulia nyumba ya rubani anajua maswali ya kuuliza akiwa bado mtoto. Sisi wengine tunayajua tukiwa tumeshalipa. Basi haya ndiyo maswali.

Anza na daktari. Cheti cha afya cha daraja la kwanza ndicho kinachoamua kama utaruka kibiashara. Kapime kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA kabla hujalipa hata shilingi ya karo. Macho au moyo vikikataa, afadhali ujue shamba likiwa bado lenu.

Usilipe zote kwa mkupuo. Tuseme saa moja ya mafunzo ni Sh18,000. Masaa 200 ni Sh3.6 milioni, na bado hujalipa nyumba Nairobi, mitihani wala chakula. Lipa kadiri unavyoruka. Shule ikishikilia ilipwe zote mwanzoni, uliza kwa nini, na uombe jibu hilo kwa maandishi.

Muulize mkuu wa shule swali moja: wanafunzi waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi? Usitake majina ya mashirika kwenye bango. Taka idadi. Waliomaliza ni wangapi, wanaoruka ni wangapi.

Halafu weka akiba ya baada ya leseni. Hili ndilo kubwa. Rubani asiye na kazi bado analipa. Cheti cha afya hufanywa upya kila mwaka ukiwa na chini ya miaka 40, na idhini ya kuruka kwa vyombo nayo hupimwa tena. Bajeti yenu ikiisha siku ya mahafali, mna leseni itakayolala kwenye droo. Mimi niliacha chuo karo ilipokatika, na deni nililorudi nalo nyumbani naweza kulitaja kwa pumzi moja. La urubani ni la ukoo mzima.

Fikiria ualimu wa kuruka. Wengi huongeza masaa kwa kufundisha wanafunzi wapya. Hakuna fahari ya sare ya shirika, lakini kitabu chako cha masaa kinajaa na jina lako linajulikana pale Wilson. Na Wilson ni kijiji. Kampuni ndogo ikihitaji mtu wa haraka, humchukua yule ambaye makapteni wake wanamjua.

Mwisho, angalia milango mingine ya uwanja uleule. Jeshi la Wanahewa huwafundisha marubani wake bila kuwauzia shamba, ingawa kuingia ni kivumbi na baadaye unatumikia nchi. Kuna mafundi wa ndege, na kuna wapangaji wa safari. East African School of Aviation kule Embakasi, iliyo chini ya KCAA, hufundisha kazi kadhaa za aina hiyo. Fundi aliye na leseni hafutwi eti kwa sababu nyumbu wamerudi Serengeti. Ndege iliyoegeshwa pia hukaguliwa.

Kwa hivyo kama ndoto ni yako kweli, usiiache. Kampuni ndogo zipo, zinaajiri, na wapo waliotoka mashambani wakakaa kwenye viti vile. Lakini mzee akiitoa hati ya shamba kabatini, muombe aketi kwanza. Mwekee karatasi mbili mezani: gharama ya kupata leseni, na gharama ya miaka miwili ya kusubiri kazi ukiwa nayo. Shamba likiweza kulipia karatasi zote mbili na bado mkabaki na pa kupanda mahindi, nendeni. Likiweza kulipia ya kwanza pekee, subiri. Una miaka 18 au 19, na marubani wa kibiashara huruka mpaka miaka 65. Muda unao, ila shamba likiuzwa halirudi.