Si mgao unaoua samaki wako

Wadau, kila mgao wa maji ukiingia jijini, kama ule wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA ikatoa ratiba, wenye matangi ya samaki wa mapambo kuanzia Sinza mpaka Mbagala wana kauli moja: samaki wamekufa, maji hakuna.

Mimi nasema tunausingizia mgao. Kinachoua ni ile tabia ya kusubiri maji yatoke, kumwaga tangi lote, kuosha changarawe na sponji ya filta bombani mpaka vitakate, halafu kujaza maji mapya. Tangi linapendeza kweli! Baada ya siku chache samaki wako juu wanahema.

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake usiku na mchana, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza nyingine. Haina rangi, kwa hiyo maji maangavu yanaweza kuwa sumu tupu. Wanaoimaliza ni bakteria waliojishika kwenye sponji na changarawe. Kundi moja linaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na jingine linaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Wewe umewamaliza kwa dakika 10, tena kwa maji yenye klorini.

Ukiwa na wale wa Ziwa Tanganyika, ambao Wazungu wanawagombania wakati sisi tunawapita Kigoma bila kuwatazama, ndiyo kabisa. Wamezoea maji ya pH inayokaribia 9, na pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa katika hali yake kali.

Sasa tupige hesabu. Tangi la lita 80, robo yake ni lita 20. Dumu moja, kwa wiki! Vuta kwa mpira maji ya chini yenye uchafu, kamua sponji humo humo, kisha mwagilia mchicha. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 klorini ipungue. Ya kisima kuwa nayo makini, maana visima vingi vya Dar vina chumvi, na samaki hapendi kuhamishwa ghafla. Hata dumu hilo likikosekana, au umeme ukikatika filta ikasimama, punguza chakula. Samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa kulala njaa siku mbili.

Kuna wanaosema kufuga samaki wa mapambo huku jirani yuko kwenye foleni ya madumu ni anasa. Kwa anayemwaga lita 80 kila wiki, nawaunga mkono. Huyu wa dumu moja mwacheni, mwanzeni yule wa mtaani kwenu anayeosha gari kwa mpira wa bomba kila asubuhi.