Usinitumie Kurasa 300 Uniambie "Pitieni Kiasi"

Wasee wa IT, leo naongea na nyinyi. Mmeandika kurasa za usaidizi za programu yenu, ziko 300 hivi mtandaoni, halafu mnatupa linki kwenye grupu ya kazi: "Habari timu, pitieni kiasi mnipe maoni." Tiki za bluu zinajaa. Baada ya dakika tatu mmoja anajibu "iko sawa" na emoji ya moto. Kurasa 300, dakika tatu! Hata Kipchoge hana hiyo spidi.

Kisha mnasema wenzenu ni wavivu. Hapana. Mmewapa mlima bila kuwaonyesha pa kuanzia, na kila mmoja anadhani mwingine ndiye atasoma.

Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu programu na watumiaji 5 pekee, utaona kasoro zake nyingi. Skiza vizuri: kujaribu, si kusoma. Hakuna mtu husoma maelezo ya programu kama riwaya. Mtu huyafungua akiwa amekwama, saa tano usiku, paswadi imekataa na mteja anangoja. Basi yapimeni hivyo hivyo. Chukua yule intani aliyeingia Jumatatu, mpe ukurasa wa kubadilisha paswadi, afuate hatua kama zilivyoandikwa. Wewe kaa kando unyamaze (hapo kwa kunyamaza ndipo wengi hushindwa). Ukurasa unasema "bonyeza Mipangilio", kumbe hicho kitufe kilibadilishwa jina kitambo. Aliyeandika hawezi kuona hilo, kidole chake kishazoea njia. Intani ataliona kwa sekunde kumi.

Wale wanaopokea simu za wateja, waulizeni kwanza ni swali gani huwachosha kila siku, halafu muanze na ukurasa huo. Wao ndio hutukanwa maelezo yakiwa mabovu, na sijui kwa nini huwa wa mwisho kuulizwa. Aliyeunda programu asome sehemu yake tu, aseme kama ni ukweli. Sarufi asiguse, tafadhali.

Kila mtu kurasa tano, jina lake kando, mwisho Ijumaa. Zile ambazo hakuna mtu hufungua zingoje.

Na msiulize "iko poa?" Mkenya atakujibu iko poa hata nyumba ikiungua. Uliza, "Ulikwama hatua gani?"